Kaseti Kiunoni mwa Mellen

Mellen binti Nyamhanga aliwagawa watu wa soko la Rodi Kopany mafungu mawili: wanaoruka foleni, na wanaosimama wakiwatazama wakiruka. Hakuliheshimu fungu lolote. Kwa miaka kumi na miwili alisimama mlangoni mwa kinu cha unga, kope zimejaa vumbi jeupe, akipokea madebe na gorogoro za mahindi kutoka kwa watu hao, na kila mwaka aliwaona wamepungua kimo. Wanaume ndio waliomchefua zaidi. Mwanamume wa soko lile, alisema, mpe koti na redio ya betri tu, tayari anajiona Mkuu wa Wilaya. Mvue koti, utakuta shati alilofuliwa na mkewe na maneno aliyoazima kwenye hiyo redio.

Hakuzaliwa hapo. Kwao ni Ntimaru, kule mpakani, Mkuria mtupu. Fundi mmoja wa injini aitwaye Maurice alikwenda huko kutengeneza mtambo wa mtu, akakaa siku tatu zaidi ya kazi iliyomleta, akarudi Rodi na mke. Maurice alikuwa mwanamume pekee ambaye Mellen hakuwahi kumdharau, na hata yeye alikuwa na siku zake. Ndiye aliyeisimika injini ya kinu kile kwenye saruji kwa mikono yake, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuipiga hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini mpaka iwake. Jikaze, bana pumzi, zungusha mara moja kwa nguvu zako zote. Malaria ilipomchukua Maurice, mwenye kinu alimwacha mjane pale pale, si kwa huruma, bali kwa sababu injini ile ilikuwa kaidi na hakuna mwingine aliyeweza kuiamsha. Mellen akabaki na kazi, na chumba cha nyuma ya kinu, na jina ambalo soko lilimpa tangu siku ya kwanza na halikumwondolea: Nyar Kuria, binti wa Wakuria.

Mwaka wa 1997 alianguka mara tatu. Mara zote ilikuwa asubuhi, kinu kimeanza tu kunguruma, na mara zote Zadock alikuwepo. Zadock ndiye mwenye kinu, diwani wa zamani ambaye wapiga kura walimchoka lakini yeye hakuchoka kuitwa Mheshimiwa. Kila aliposikia injini imewaka alitoka nyumbani kwake nyuma ya soko, akaja kusimama mlangoni na koti lake la kahawia, akaanza kumkaripia Mellen mbele ya wateja. Kwa nini umechelewa. Kwa nini unga umemwagika. Kwa nini huyu mama anacheka. Hapo Mellen alihisi kifua kikipapatika, macho yakaingia giza, akajikuta sakafuni mdomo umejaa unga. Mara ya tatu kichwa chake kilitua shibiri moja kutoka kwenye mkanda wa injini, na mkanda ule ukishika mkono wa mtu hauurudishi.

Yeye hakuwa na shaka ni nani anayemwangusha.

"Huyu mtu ataniua kwa mdomo," alimwambia Sainab. Sainab alikuwa mwanamke wa Kisomali mwenye duka la vitambaa na sukari lililotazamana na kinu, na walikuwa marafiki kwa sababu Sainab naye aliwaona watu wa soko vile vile, ila yeye alikuwa na adabu ya kuficha.

Soko lilikuwa na maelezo yake. Ndulme, walinong'ona, yaani kifafa, na mtu wa kifafa hawekwi karibu na moto wala mashine. Kina mama walianza kuwavuta watoto wao kando Mellen akipita, wasije wakakanyaga alipoangukia. Zadock akaja na hukumu siku ya Jumatano, mikono nyuma.

"Nyar Kuria, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii ugonjwa yako kila mtu anaijua. Siku moja mkanda itakumeza, halafu jina yangu ndio itaharibika."

"Jina gani?" Mellen akamuuliza.

Zadock akajifanya hakusikia. "Mpaka Jumatatu. Ukileta karatasi ya daktari inasema si ndulme, utabaki. Usipoleta, mpwa wangu anatoka Sori anashika kinu, na chumba pia."

Mellen alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwao Ntimaru wazazi walikuwa wameshazikwa, na kaka zake walikuwa wanaume wa aina ile ile anayoijua. Alimtazama Zadock akiondoka na makalio yake mapana ndani ya koti, akaogopa, na kuogopa kwa sababu ya mtu kama yule kulimuuma kuliko kuogopa kwenyewe.

Sainab ndiye aliyemwambia kwamba kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Homa Bay kulikuwa na daktari wa moyo anayepita kila baada ya miezi kadhaa. Ijumaa asubuhi Mellen alifunga kinu, akaenda. Daktari Wesley alikuwa kijana, viatu safi mno kwa mtu anayefanya kazi, na Mellen akamhesabia hilo mara moja. Lakini kijana alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyemfanyia tangu Maurice. Kisha akambandika kifuani vibandiko vitano vyenye nyaya, nyaya zikaingia kwenye kisanduku kidogo chenye mkanda wa ngozi, akamfunga kiunoni. Kwenye kisanduku kulikuwa na kidirisha, na nyuma ya kidirisha kaseti ilikuwa inazunguka polepole.

"Hii itaandika kila pigo la moyo wako mpaka kesho saa nne, mama," alisema. "Usiitoe, usioge. Fanya kazi zako zote za kila siku. Ukienda kulala kitandani ili moyo utulie, utakuwa umejidanganya mwenyewe." Akampa daftari. Kila anachofanya aandike na saa yake, na akisikia vibaya aandike hivyo hivyo.

"Na ikikosa kupata kitu?"

"Basi mimi pia sitakuwa na kitu cha kuandika kwenye karatasi. Na mashine ni hii moja tu, kesho jioni naondoka nayo. Nitarudi mwezi wa tatu."

Kwa hiyo Mellen alirudi Rodi na siku moja tu mkononi, na katika siku hiyo moyo wake ulitakiwa kufanya ule upuuzi wake wote mbele ya shahidi. Hakuwa na wasiwasi. Zadock yupo, alijisemea, atanikaripia, moyo utaruka, kaseti itaandika, na kwa mara ya kwanza mdomo wa mtu yule utamfaa mtu.

Alifungua kinu saa saba. Injini ilikuwa bado ya moto kutoka asubuhi, ikawaka kwa msukumo mdogo tu. Saa saba na nusu aliinama kuinua debe, blauzi ikapanda, na mama mmoja kwenye foleni akaona kidirisha na kaseti inayozunguka ndani yake.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Soko lilikuwa limejaa watu wa vyama, na kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu aliyepelekwa ndani kwa maneno aliyosema akinywa chai. Yule mama hakupiga kelele. Alimgusa tu mwenzake, mwenzake akamgusa wa nyuma, na kabla debe lile halijasagwa nusu, Rodi yote ilikuwa inajua kwamba Nyar Kuria ametoka Homa Bay amefungwa mashine ya kunasa maneno.

Mellen alistaajabu kuona foleni imenyooka kama ya watoto wa darasa la kwanza. Watu ambao kila siku walitukanana mpaka mate yakawaruka sasa walikuwa wanapishana. "Tafadhali, mama, tangulia, mimi nitangoja." Mwanamume mmoja aliyezoea kuchota konzi ya mahindi kwenye debe la jirani yake alionekana akirudisha konzi moja. Mwingine alisimama mbele ya kiuno cha Mellen akasema kwa sauti ya kusoma risala kwamba yeye hana chama na hajawahi kuwa nacho.

Mellen akazima injini ili asikike. "Hii inasikiliza moyo," aliwaambia. "Moyo wangu unavyopiga, basi. Maneno yenu haisikii, na hata ingesikia nani angeyataka?"

Walitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Mzee mmoja akamnong'oneza jirani yake, "Si wamemwambia aseme hivyo?"

Akawasha tena, akafungua daftari, akaandika: Saa nane. Watu wana adabu. Hakuna kitu. Saa tisa akaandika hayo hayo. Moyo ulikuwa unatembea taratibu, haujawahi kuwa na alasiri nzuri kama ile. Dharau aliyokuwa nayo kwa soko lile aliidhani imefika kikomo, kumbe ilikuwa na chumba kingine ndani. Miaka yote hii walikuwa wanaweza kuwa watu. Walikuwa hawataki tu.

Saa kumi Zadock akafika. Habari zilikuwa zimemtangulia, kwa sababu alikuwa amevaa tai. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Mellen, akainama kidogo, na salamu zake akazielekeza kiunoni.

"Habari za kazi. Mimi Zadock, diwani wa zamani, ni mtu wa maendeleo. Niko na serikali hii siku zote, na pia niko na ile itakuja. Huyu mama ni mfanyakazi mzuri sana. Sisi hapa tunaishi kama familia."

Mellen alihisi siku yake ikimponyoka. Siku moja tu aliyoyahitaji matusi ya mtu huyu, na mtu huyu amegeuka asali.

"Unga umemwagika, Mheshimiwa," alimwambia. "Angalia, sakafu yote. Nikaripie."

"Mimi?" Zadock aliweka mkono kifuani. "Mimi sijawahi karipia mtu, adier, kweli kabisa."

Basi Mellen akaona kama hatatukanwa, atatukana yeye. Alichukua koleo, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya sahani ya mizani ya kupimia mahindi ya wateja na kukata waya uliofichwa huko. Kipande cha chuma kikaanguka sakafuni. Akakiokota akakiweka juu ya debe la mteja wa mbele ili kila mtu akione.

"Hiki ni chuma cha Mheshimiwa," alisema, na injini ilikuwa inanguruma kwa hiyo alisema kwa kelele. "Alikifunga mwenyewe, mwaka wa pili baada ya mume wangu kufa. Kila debe mnalipa zaidi. Mimi nimepima na hiki chuma miaka yote, na nimenyamaza kwa sababu ya chumba cha nyuma, kwa hiyo mimi pia msinisifu. Na yale mahindi ya msaada ya mwaka wa njaa, mliyoambiwa hayakufika, yalifika. Niliyasaga mimi hapa. Magunia yalikuwa na maandishi ya msaada, akaniambia nichome magunia. Wewe Zadock, huna hata ujasiri wa kuiba mchana. Wewe ni mdomo na koti. Ukivua koti inabaki mdomo, na leo hata mdomo umeuogopa kisanduku cha betri mbili."

Hakuna aliyecheka. Zadock akatazama kiuno cha Mellen, akafyata mkia na kuondoka upesi, tai imepinda.

Mellen akasimama akingoja kuanguka. Moyo ulikuwa unagonga kwa nguvu, bum bum bum, lakini ulikuwa unagonga sawasawa. Giza halikuja. Dakika kumi zikapita, ukatulia wenyewe, na yeye akabaki wima katikati ya kinu, amesema kila kitu na hana alichopata. Akaandika: Saa kumi na dakika ishirini, nimemtukana Zadock. Sijaanguka.

Sainab alimletea chai ya maziwa jioni. "Umesema vizuri," alisema.

"Nimesema bure," Mellen akajibu. "Kesho daktari ataniambia mimi ni mzima, na Jumatatu nitalala nje." Sauti ilimtetemeka, na kwa Sainab hakuona haya.

Asubuhi ya Jumamosi Zadock hakuonekana. Saa moja Mellen alishika hendeli. Injini ilikuwa baridi. Alijikaza, akabana pumzi, akazungusha. Haikuwaka. Akazungusha tena, ikakohoa ikashika. Macho yakamfifia kidogo akaegemea ukuta, kifua kinapapatika, kama asubuhi zote, akangoja kipite. Kikapita. Nani asiyechoka akipiga chuma kile? Akaandika: Saa moja na dakika tano, nimewasha injini. Alisaga madebe mawili, akafunga, akaenda zake Homa Bay na uso wa mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Daktari Wesley alichukua kaseti akaingia nayo chumba cha ndani. Mellen alikaa kwenye benchi saa moja na zaidi, akiwadharau wagonjwa wenzake kimoyomoyo ili asilie. Kijana alipotoka alikuwa na karatasi ndefu yenye mistari ya vilima vidogo vidogo, na daftari la Mellen limefunguliwa pembeni.

"Mama, hapa saa kumi na dakika ishirini. Moyo umekwenda mbio. Umeandika ulikuwa unamtukana mtu."

"Ndiyo."

"Hakuna ubaya wowote. Moyo umekimbia kama wa mtu yeyote mwenye hasira, ukarudi. Endelea tu." Hakutabasamu. Akageuza karatasi mpaka mwisho wake. "Lakini angalia hapa." Vilima vilikuwa vimesongamana, vimekuwa msitu wa miiba, mrefu kuliko kiganja. "Saa moja na dakika tano. Zaidi ya mapigo mia mbili kwa dakika, kwa nusu dakika nzima. Ulikuwa unafanya nini?"

"Hapo? Hapo nilikuwa nawasha injini tu."

Akamwonyesha anavyoiwasha. Alisimama katikati ya chumba cha daktari, akainama, akakaza mabega, akabana pumzi vile alivyofundishwa. Daktari akamwambia aache.

"Na ukiwasha, huyo bwana anafika baada ya muda gani?"

"Akisikia injini. Dakika moja, mbili."

"Basi anakukuta tayari unaanguka. Si yeye, mama. Ni hiyo hendeli. Si kifafa, ni umeme wa moyo unaovurugika ukijikaza namna hiyo. Utakunywa dawa kila siku, na kinu unaweza kushika. Lakini hicho chuma usikiguse tena maishani mwako. Ukianguka mara ya nne huenda usiamke."

Mellen aliketi. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa aibu. Mwaka mzima alikuwa amempa Zadock cheo cha kumwangusha, yule mtu wa koti na mdomo, na kumbe hata kumdhuru hakuweza. Alikuwa anafika amechelewa. Cha pili kilikuja polepole zaidi. Hendeli ile ndiyo iliyokuwa na alama za mikono ya Maurice. Kila asubuhi alipoishika alimsikia akisema jikaze, bana pumzi, na huko ndiko yeye mwenyewe alikokuwa akifia. Akalia mbele ya yule kijana wa viatu safi, na kijana akamwachia alie.

Jumatatu Zadock aliisoma karatasi ya daktari mlangoni mwa kinu, midomo ikicheza. Mpwa wake alikuwa amefika jana yake kutoka Sori, amesikia habari za chuma na magunia, amepanda gari la kurudi kwao ziwani jioni ile ile. Zadock aliikunja karatasi kwa uangalifu.

"Na kaseti?" aliuliza.

"Iko kwa daktari, Homa Bay. Ameipitia yote, mwanzo mpaka mwisho."

"Alisema nini? Kuhusu ile maneno yangu?"

Mellen alifikiri kama kuna haja ya kuongopa, akaona haipo. "Alisema niendelee."

Zadock akaitia karatasi mfukoni. Mizani ilikuwa pale pembeni, haina chuma, na foleni ilikuwa inasikiliza.

"Imeandikwa nisiguse hendeli," Mellen akasema. "Kinu ni chako, Mheshimiwa. Injini ni ile pale."

Zadock akavua koti. Ndani yake kulikuwa na mzee mnene wa shati la njano lililofifia, na Mellen alimtazama bila furaha aliyoitegemea. Zadock akainama, akashika chuma, akazungusha. Injini haikujibu. Akazungusha tena, jasho likamtoka. Mara ya tatu hendeli ikateleza ikampiga gotini, na mtu kwenye foleni akakohoa kuficha kicheko. Mara ya nne ikaguna ikazima.

Mellen aliegemea ukuta ule ule wa kila asubuhi. Akaweka vidole viwili shingoni kama daktari alivyomwonyesha, akahesabu. Moyo ulikuwa unatembea vizuri.

"Mume wangu alikuwa anaiwasha mara moja," alisema, na Zadock akainama tena.